Lydia Maria Child: Wekevu wa Nyumba na Haki ya Mtu

Yako maandishi ambayo watu huyatumia kila siku wala hawayahesabu kuwa maandishi. Hati ya deni, orodha ya vitu vya sokoni, maelezo ya dawa, na kitabu cha upishi: haya yote husomwa kwa jicho la haja, na haja ikiisha huwekwa kando. Mhakiki wa fasihi huyapita kama mpita njia apitavyo jiko la watu. Harufu anaisikia, anajua kwamba kunapikwa, lakini haingii. Nia ya insha hii ni kuingia. Nataka kukisoma kitabu kimoja cha utunzaji wa nyumba kilichochapwa Boston, Marekani, mwaka 1829, na kukisoma kwa uangalifu ule ule tunaoupa utenzi au riwaya. Kisha nataka kuuliza swali ambalo kitabu hicho chenyewe hakikuliuliza, lakini mwandishi wake alikuja kuliuliza miaka 4 baadaye, akalilipia gharama kubwa.

Kitabu hicho chaitwa The Frugal Housewife, jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kulifanya Mama wa Nyumba Mwekevu. Mwandishi wake ni Lydia Maria Child. Alizaliwa tarehe 11 Februari 1802 katika mji wa Medford, karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts, na jina la kwao lilikuwa Francis. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na biskuti zake kavu zilikuwa na sifa. Mama yake alifariki binti akiwa na umri wa miaka 12, naye akapelekwa Maine kukaa kwa dada yake aliyeolewa. Kaka yake Convers alisomeshwa Harvard, akawa kasisi, na baadaye akafundisha elimu ya dini katika chuo hicho hicho. Dada, kwa kuwa ni mwanamke, hakuwa na chuo cha kumpokea. Alijisomesha kwa vitabu vya kuazima. Jambo hili la vitabu vya kuazima msomaji alishike, maana tutalirudia.

Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 22, alitoa riwaya yake ya kwanza, Hobomok, na mwaka 1826 akaanzisha gazeti la watoto, Juvenile Miscellany, lililopendwa katika nyumba nyingi. Mwaka 1828 aliolewa na David Lee Child, mwanasheria mwenye moyo mwema na mfuko uliotoboka. Madeni ya mume yaliingia nyumbani pamoja na mahari ya mapenzi, na mke akawa hana budi kuishika kalamu kama wengine washikavyo jembe. Kitabu chake cha mwaka 1829 kilizaliwa na dhiki hiyo. Hakukiandika mtu aliyetazama umaskini kwa dirisha. Aliyekiandika alikuwa ameketi nao jikoni.

Ili tuone upya wake, yafaa tukiweke karibu na wenzake. Kabla yake alikuwapo Amelia Simmons, aliyechapisha American Cookery huko Hartford mwaka 1796 na kujiita katika ukurasa wa kwanza yatima wa Kimarekani. Chake kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha upishi kilichotungwa na Mmarekani na kuchapwa Marekani. Kilileta unga wa mahindi na maboga ya nchi ile katika maandishi, ingawa mengi mengine kiliyachukua katika vitabu vya Kiingereza. Mwaka 1824 Mary Randolph wa Virginia alitoa The Virginia House-Wife, kitabu cha nyumba kubwa yenye meza ndefu na mikono mingi ya kazi. Mwaka 1828 Eliza Leslie wa Philadelphia akaandika juu ya keki na vyakula vitamu. Hawa wote walikuwa wajuzi wa upishi. Lakini msomaji waliyemfikiria aghalabu alikuwa mtu mwenye kitu cha kutosha, na wengine walimfikiria mtu mwenye kuagiza kazi, si mwenye kuifanya. Child aligeuka akawatazama wengine. Kitabu chake alikitabaruku kwa wale wasioona haya kubana matumizi.

Tuangalie jinsi anavyosema. Sentensi zake ni fupi, na nyingi ni za kuamuru. Hapambi, hazunguki, haombi radhi. Anamweleza msomaji ni nyama gani ya kununua kwa mchinjaji na ni ipi ya kuacha. Namna ya kupika sabuni, kutia nguo rangi kwa vitu rahisi, kuhifadhi mboga, na kuponya kikohozi. Anafundisha kwamba upande mtupu wa barua ya zamani ni karatasi bado, na kwamba ndoo ya makombo yapasa ikaguliwe kabla ya kupewa nguruwe. Anapoeleza jinsi ya kuchemsha kichwa cha ndama, anaagiza koromeo liachwe lining'inie nje ya chungu ili povu lipate njia. Hata uchafu wa sikio hakuuacha; anausifu kuwa dawa ya midomo iliyopasuka. Nathaniel Parker Willis, mhariri kijana wa Boston aliyependa mambo ya kiungwana, aliona haya kuwa maneno yasiyostahili kutoka katika kalamu ya bibi, akamfanyia mzaha. Mzaha ule haukudhuru kitu. Kufikia katikati ya karne kitabu kilikuwa kimechapwa zaidi ya mara 30, na tangu mwaka 1832 kiliitwa The American Frugal Housewife, kisije kikachanganywa na kitabu cha Kiingereza kilichokuwa na jina kama lake.

Mzaha wa Willis wafaa kutufunza jambo la uhakiki. Aliudhiwa na koromeo la ndama kwa sababu alitazamia kwamba uzuri wa lugha hutoka katika uzuri wa kitu kinachotajwa. Child hakudhani hivyo. Uzuri wa lugha yake ni uaminifu wake kwa kazi. Mtu aliyewahi kuchemsha kichwa cha mnyama anajua kwamba povu ni taabu ya kweli, na mwandishi anayeificha taabu hiyo kwa adabu humwacha msomaji wake peke yake jikoni. Child hamwachi. Yuko naye kama jirani aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anayesema upesi kwa kuwa naye kwake ameacha chungu motoni. Sauti hii ya jirani ni ufundi, na ni vigumu kuipata kuliko mapambo.

Chini ya maagizo yote kuna wazo moja lililowekwa tangu ukurasa wa mwanzo: kwamba utunzaji wa nyumba ni kukusanya vipande, vya vitu na vya wakati pia, ili kisipotee chochote. Msomaji ajuaye Biblia atausikia mwangwi wa Injili ya Yohana, pale Yesu alipokwisha kuwalisha watu 5,000 kwa mikate 5 na samaki 2, akawaamuru wanafunzi wake wakusanye vilivyobaki. Wahenga wetu nao walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa wazo hili maskini hapewi sadaka, anapewa heshima. Anaambiwa kwamba akili yake ni mali, na kwamba mkono wake unaweza kuufanya upande wa pili wa barua uwe ukurasa mpya.

Lakini mwangwi wa maandiko ni hatari kwa mwandishi asiyeufuata mpaka mwisho. Katika Injili vipande vilikusanywa baada ya watu wote kushiba. Kushiba kulitangulia, wekevu ukafuata. Kitabu cha mwaka 1829 kinaanza na vipande, wala hakiulizi kama watu wote wamekula. Kasoro hii yaonekana mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni katika sura za mwisho, ambamo mwandishi anaacha upishi na kusema juu ya malezi ya mabinti, safari za anasa, na sababu za nyakati ngumu. Hapo sauti ya jirani inabadilika kuwa sauti ya mhubiri. Dhiki ya familia anaieleza kuwa matokeo ya israfu yake: fanicha zisizolipiwa, matembezi, na tamaa ya kufanana na wenye nacho. Hapana shaka hayo yalikuwapo. Lakini mtu anaweza kuwa mwekevu hata ukomo wa wekevu na bado akafa na njaa, kwa kuwa mshahara, bei na sheria haviamuliwi jikoni kwake. Mwandishi aliyekuwa mwenyewe mfungwa wa madeni asiyoyafanya alipaswa kulijua hili kuliko wengine. Hapa kitabu kinamlaumu mshika chungu kwa makosa ya soko.

Mahali pa pili pamefichika zaidi, nami ndipo ninapotaka kukaa. Miongoni mwa keki zake iko moja aisifuyo kuwa karibu nzuri kama keki ya ratili, nayo ni rahisi kuliko hiyo. Vipimo vyake vyakumbukwa hata na mtoto: kikombe 1 cha siagi, vikombe 2 vya sukari, vikombe 3 vya unga, na mayai 4. Hesabu tamu, yenda kama wimbo wa kuhesabu vidole. Siagi ya Massachusetts ilitoka kwa ng'ombe wa jirani, na mayai kwa kuku wa uani. Je, vikombe vile 2 vya sukari vilitoka wapi? Na asali ya miwa inayorudiwarudiwa katika kurasa zake kuwa utamu wa maskini, ilitoka wapi?

Mtu wa Medford hakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mji huo ulikuwa na sifa ya pombe kali iliyoitwa kwa jina lake, iliyotengenezwa kwa asali ya miwa ya visiwa vya Karibi, na miwa hiyo ililimwa na watumwa. Katika mji huo huo lilisimama, na lasimama hata leo, jumba la ukoo wa Royall, waliopata utajiri wao katika mashamba ya miwa ya Antigua na kuja Massachusetts pamoja na watumwa wao. Massachusetts iliuacha utumwa katika ardhi yake kwa hukumu za mahakama kufikia mwaka 1783. Haikuuacha katika kikombe chake. Mwaka 1829 sukari ya kawaida ya jikoni ilikuwa ya Louisiana, Cuba na visiwa vya jirani. Kitabu kinachohesabu hata uzi wa soksi iliyochakaa hakikuhesabu jasho lililokuwa ndani ya sukari. Bei ya sukari iliandikwa, gharama yake haikuandikwa.

Tusiseme haya kwa kujiona. Kumlaumu mtu wa zamani kwa kutoona ni kazi rahisi mno, na aghalabu huwa ni njia ya kujisifu. Nayasema kwa sababu Child mwenyewe aliona, na hapa ndipo maisha yake ya uandishi yanapokuwa na uzito usio wa kawaida. Mwaka 1833, akiwa katika upeo wa sifa zake, alitoa kitabu kingine: An Appeal in Favor of That Class of Americans Called Africans. Jina hili lastahili kusomwa polepole. Lasema kwamba ni ombi kwa ajili ya kundi la Wamarekani, ambao watu huwaita Waafrika. Wakati ule palikuwa na chama chenye nguvu kilichotaka watu weusi walio huru wapelekwe Liberia, na wengi waliojiona wema walikiunga mkono. Child aliwajibu kwa jina la kitabu tu, kabla ya ukurasa wa kwanza kufunuliwa: hawa ni Wamarekani, jina jingine mmewapa ninyi.

Wako wasemao kwamba vitabu hivi 2 havina uhusiano. Wanasema kwamba mwaka 1830 Child alikutana na William Lloyd Garrison, mpinzani mkubwa wa utumwa, akabadilika, na kwamba mpishi alikwisha hapo na mpigania haki akaanza. Garrison alimgeuza, hilo halina ubishi, naye mwenyewe hakulificha. Lakini geuzo la moyo halimpi mtu kalamu mpya. Nikiusoma Ombi naiona kalamu ile ile. Liko swali la historia, liko la sheria, liko la akili na tabia za watu weusi ambazo anazitetea kwa mifano mingi. Na iko sura nzima juu ya kazi ya mtu huru na kazi ya mtumwa. Katika sura hiyo anafanya hesabu kama mama wa nyumba afanyavyo hesabu ya wiki. Mtumwa hununuliwa, na fedha ya kumnunua imelala. Lazima alishwe akiwa mtoto na akiwa mzee. Hana sababu ya kutunza jembe wala shamba, kwa kuwa faida si yake. Na msimamizi wa mjeledi naye anataka mshahara. Utumwa, kwa hesabu hiyo, ni israfu kubwa kuliko zote: unapoteza ardhi, wakati na watu. Yule aliyekusanya vipande vya mkate amegundua sasa kwamba kitu kinachopotezwa zaidi katika nyumba ya Marekani ni binadamu.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa katika Child. Hakuyaacha maadili ya jikoni ili aingie katika maadili ya taifa. Aliyachukua yale yale akayafuata mpaka mwisho, mpaka pale Injili ilipoanzia, kwenye watu wote kula. Kosa la kitabu cha kwanza halikuwa kuhesabu mno, lilikuwa kuacha hesabu kizingitini. Ombi linavuka kizingiti.

Alilipia. Maktaba ya Boston Athenaeum, iliyokuwa imempa ruhusa ya kuazima vitabu bila malipo, iliiondoa. Kwa mtu aliyejisomesha kwa kuazima, hiyo ilikuwa kama kukatiwa maji. Wazazi waliacha kulinunua gazeti lake la watoto, naye akauacha uhariri wake mwaka 1834. Mauzo ya vitabu vyake vya nyumba yakashuka, kwa kuwa mabibi wengi hawakutaka kufunzwa keki na mtu aliyetetea hata haki ya mweupe na mweusi kuoana. Upande wa pili, Ombi liliwavuta watu waliokuja kuwa na sauti kubwa, kama Wendell Phillips na Charles Sumner, na mhubiri William Ellery Channing alitembea kwa miguu kwenda nyumbani kwake kumshukuru. Lakini shukrani hailipi deni la duka.

Kisha likafuata jambo ambalo riwaya ingeona haya kulibuni, kwa jinsi lilivyofaa. Mwaka 1838 mume na mke walihamia Northampton, magharibi ya Massachusetts, wakalima viazi-sukari. David alikuwa amekwenda Ulaya kujifunza kazi hiyo, na mwaka 1840 alitoa kitabu juu ya kilimo cha zao hilo na utengenezaji wa sukari yake. Nia yao ilikuwa kupata sukari isiyoguswa na mkono wa mtumwa. Mwanamke aliyeandika vikombe 2 vya sukari pasipo kuuliza, sasa alikuwa shambani, mikono katika udongo baridi, akiijibu hesabu yake mwenyewe. Shamba lilishindwa na kuzidisha madeni, na mwaka 1841 akaenda New York kuhariri gazeti la National Anti-Slavery Standard, kazi aliyoishika mpaka 1843. Kwa hesabu ya fedha, Northampton ilikuwa hasara. Kwa hesabu ya maana, ni sahihisho la nadra: waandishi wengi husahihisha makosa yao kwa maneno, yeye alijaribu kulisahihisha lake kwa jembe.

Hapa msomaji wa Kiswahili ataruhusu nigeuke kidogo nitazame kwetu, kwa kuwa uhusiano upo, tena ni wa kweli. Mwaka ule ule wa 1833, ambao Ombi lilichapwa Boston, Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Maskati. Meli zilizofaidi mkataba huo aghalabu zilitoka Salem, mji ulio karibu na Medford alikozaliwa Child. Zilileta nguo nyeupe ya pamba ambayo watu wa pwani waliiita merikani, ikachukuliwa na misafara mpaka maziwa makuu. Zilirudi na pembe na sandarusi. Pamba ya nguo ile ililimwa na watumwa wa kusini ya Marekani na kufumwa katika viwanda vya kaskazini. Kwa hiyo swali la vikombe vya sukari halikuwa la Boston peke yake. Babu zetu nao walivaa nguo iliyoandikwa bei na kufichwa gharama, na huku kwetu wakati huo huo karafuu zilikuwa zikipandwa kwa mikono ya watumwa.

Nasi tuna kitabu chetu cha nyumba, ingawa hatukiiti hivyo. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake juu ya dini, adabu, usafi na maisha ya ndoa. Kwa ufundi wa lugha Child hawezi kuwekwa karibu nao. Yeye ni mwandishi wa nathari ya kazi, na Mwana Kupona ni malenga. Lakini kwa aina ni ndugu. Zote ni sauti za mwanamke anayemkabidhi mwanamke mwenziwe nyumba. Na katika zote mtumwa yupo ukingoni. Mwana Kupona anamtaja waziwazi anapomwonya bintiye asichangamane na watumwa ila kwa kazi. Child wa mwaka 1829 hamtaji kabisa, lakini anampika katika keki. Nasema hivi ili tuione sheria moja ya aina hii ya maandishi: kila mwongozo wa nyumba huchora mpaka, na kwa kuchora mpaka huamua nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Mhakiki anayesoma maagizo tu na asiutazame mpaka, amesoma nusu.

Tukiutazama mpaka huo twaona mengine. Katika kitabu cha Mary Randolph mna mapishi ya bamia. Bamia ni mmea wa Afrika, na waliojua kuupika katika nyumba za Virginia walikuwa watumwa. Elimu yao imo kitabuni, majina yao hayamo. Ilikuwa lazima kungoja mpaka mwaka 1866 ndipo Malinda Russell, mwanamke mweusi aliye huru, achapishe huko Paw Paw, Michigan, kijitabu chake A Domestic Cook Book, kinachohesabiwa leo kuwa kitabu cha kwanza cha upishi kijulikanacho cha mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Kwa Child wekevu ulikuwa kutopoteza kipande. Kwa historia ya upishi wa Marekani, kipande kilichopotezwa kuliko vyote ni jina la mpishi.

Child wa uzeeni hakuacha kusema kwa lugha ya nyumba. Baada ya John Brown kushambulia Harpers Ferry mwaka 1859, mke wa seneta Mason wa Virginia alimwandikia kwa ukali, akisifu jinsi mabibi wa Kusini wanavyowahudumia watumwa wao wanapojifungua. Child alijibu kwamba wanawake wa Kaskazini nao husaidiana wakati wa uzazi, ila wakimaliza hawawapeleki watoto sokoni. Hoja nzima ya utumwa imeingizwa katika chumba cha mzazi na mkunga, mahali ambapo hakuna mwanamke anayehitaji kutafsiriwa. Barua hizo zilichapwa mwaka 1860, na nakala 300,000 zikasambazwa. Mwaka 1861 alihariri masimulizi ya Harriet Jacobs, mwanamke aliyeutoroka utumwa. Na mwaka 1865 alitoa The Freedmen's Book kwa watu waliokombolewa, ambamo pamoja na maisha ya Toussaint L'Ouverture, Phillis Wheatley na Frederick Douglass aliweka nasaha za rafiki mzee juu ya usafi wa nyumba, akiba na kazi. Katika nasaha hizo sauti ya mhubiri inarudi, na msomaji wa leo ataudhika hapa na pale kuona mtu aliyefanyishwa kazi bure maisha yake yote akiagizwa kuwa na bidii. Lakini tuangalie amewaweka wapi: ndani ya nyumba, wenye ufunguo, katika kitabu kimoja na mashujaa wao. Mpaka umesogezwa.

Ipo hesabu moja ya mwisho. Mwishoni mwa mwaka 1864 Child, mwenye umri wa miaka 62, aliandika orodha ya kazi zake za mwaka ule. Barua 235. Makala 6 za magazeti. Chakula cha mchana alikipika mara 360, na cha asubuhi mara 362. Sebule na jiko alivifagia mara 350, na taa alizijaza mafuta mara 362. Sikusudii kumhurumia. Nataka tu wanafunzi wetu waone kwamba barua na chungu vimo katika orodha moja, kwa mwandiko mmoja, wala hakuviwekea mstari wa kuvitenga. Wanaotaka kumgawa wawe na Child wa jikoni na Child wa haki wanafanya kazi ambayo yeye mwenyewe hakuifanya. Alifariki Wayland, Massachusetts, tarehe 20 Oktoba 1880.

Basi hukumu yetu ni ipi? The Frugal Housewife, kikisomwa peke yake, si kitabu kikubwa. Ni kitabu chema, chenye lugha ya kweli na mafunzo yenye manufaa, kilichokosea kuwatwika maskini mzigo wote wa umaskini na kuisahau sukari. Lakini hakistahili kusomwa peke yake. Ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kitabu cha mwaka 1833. Mwandishi alianza kwa kufundisha kwamba kisipotee kipande cha mkate, akaishia kufundisha kwamba asipotee mtu. Na njia kati ya mafunzo hayo ni ndefu, nayo aliitembea hadharani, akiacha nyuma yake wasomaji, fedha na kadi ya maktaba.

Carolyn L. Karcher, katika kitabu chake cha mwaka 1994, na Lydia Moland, katika chake cha mwaka 2022, wamemrudishia Child nafasi yake katika historia ya Marekani. Kazi iliyobaki ni ya wahakiki, nayo si ya Marekani tu. Katika nyumba zetu vimo vitabu vya upishi, nyaraka za mabibi, wosia za akina mama, na madaftari ya nyumbani yaliyoandikwa kwa penseli. Tusiyapite kama mpita njia. Na tukisha kuingia jikoni, tusiridhike na kuonja. Tuulize nani alilima, nani alipika, na kama kabla ya vipande kukusanywa watu wote walikuwa wamekula.